Neuroma ya Morton: Tafsiri Yake na Uamuzi wa Kupasuliwa

Neuroma ya Morton ni maradhi ya neva inayopita chini ya mguu kuelekea vidoleni, ambayo huleta maumivu ya kuchoma katika sehemu ya mbele ya wayo, hasa baina ya kidole cha tatu na cha nne, yakifuatana na ganzi vidoleni na hisia ya kukanyaga kokoto iliyonasa ndani ya kiatu. Jina limetokana na Thomas George Morton, mpasuaji wa Philadelphia aliyeyaeleza maradhi haya mwaka 1876, ingawa Mwitalia Filippo Civinini alikwisha kuuandika unene wa neva hiyo mwaka 1835, na Lewis Durlacher wa Uingereza akayaeleza maumivu yenyewe mwaka 1845. Morton mwenyewe aliamini kwamba neva hubanwa na kiungo cha kidole cha nne, na tiba aliyoipendekeza ilikuwa kukiondoa kiungo hicho.

Neno neuroma limeundwa kwa mizizi ya Kigiriki, ambapo sehemu ya kwanza ni neva, na kiambishi tamati -oma hutumika mara nyingi katika tiba kutaja uvimbe unaotokana na seli zinazoongezeka pasipo mpango. Hapo ndipo jina linapopotosha, kwa kuwa neva iliyochunguzwa kwa hadubini huonyesha tishu ngumu ya kovu iliyoizunguka na nyuzi zilizochakaa, wala hakuna seli zinazozaliana ovyo. Kuitafsiri istilahi hii kuwa “uvimbe wa neva” ni kulihamisha kosa na kuliongezea uzito, maana katika masikio ya Waswahili uvimbe wa ndani huandamana na hofu ya saratani, na aliyeambiwa kuwa anao huuliza utatolewa lini kabla ya kuuliza kama unahitaji kutolewa.

“Mshipa wa fahamu” ni istilahi ya neva iliyozoeleka hospitalini, lakini ikifupishwa kuwa mshipa, kama ifanywavyo kila siku, huchanganywa na mshipa wa damu na hata na ngiri. “Unene wa neva” unakaribia zaidi ukweli wa maradhi, ila wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki huujua unene huo kwanza kama dalili ya ukoma, jambo linalolazimu kutaja mahali. Kwa hiyo “unene wa neva ya vidole vya mguu”, japo ni mrefu, ndio unaofaa. Hauahidi kitu cha kung’olewa, na huyatenga maradhi haya na madhara ya kisukari katika neva, ambayo kwa kawaida hushika miguu yote miwili na hayatibiwi kwa kuikata neva hiyo.

Tofauti hiyo ya maneno hugusa uamuzi wenyewe. Tiba huanza kwa kuacha viatu vyembamba na vya mchuchumio, kuweka pedi nyuma ya eneo linalouma ili mifupa ya wayo iachane kidogo, na pengine kuchoma sindano ya steroidi. Kisu hufikiriwa pale hayo yanaposhindwa kwa miezi kadhaa. Wapo wapasuaji wanaokata tu ligamenti inayoibana neva na kuiacha neva mahali pake, lakini upasuaji uliozoeleka huikata neva yenyewe na kukitoa kipande kilichonenepa, kwa kupitia juu ya mguu au kupitia wayo, njia ambayo huweza kuacha kovu linalouma wakati wa kukanyaga. Wengi hupata nafuu, na wachache hubaki na maumivu. Wengi wa waliokatwa neva hubaki na ganzi ya kudumu katika pande zinazotazamana za vidole viwili. Ganzi hiyo si ajali ya upasuaji bali ni matokeo ya kukatwa kwa njia ya hisia, nalo ni jambo ambalo neno uvimbe halimdokezei mgonjwa hata kidogo.

Tena neva iliyokatwa hujaribu kuota upya, na nyuzi zake zikikosa njia hujisokota katika kinundu kwenye ncha iliyobaki, ambacho huweza kuuma kuliko maradhi ya awali na kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Kinundu hicho nacho wataalamu hukiita neuroma, na safari hii jina linakubalika, kwani kweli ni nyuzi za neva zilizoota. Mtafsiri aliyekwisha kulitumia neno “uvimbe wa neva” kwa maradhi ya kwanza hatakuwa na neno la kumweleza mgonjwa kwamba hili la pili ni jambo jingine, lililoletwa na tiba ya lile la kwanza.