Chombo Chako, Amri ya Nani?

Kama uko shambani unapalilia migomba, natumaini redio umeitundika mahali pazuri. Juma hili tuzungumze habari ya sanduku dogo la bati ambalo wengi wetu hatujapata kuliona, ingawa kila siku linatufanyia kazi.

Mwalimu mmoja wa sekondari, huku kwetu upande wa Kaagya, aliniita shuleni kwake. Shule ilikuwa imepewa msaada wa kompyuta, pamoja na sanduku la kuziunganisha liitwalo swichi. Kwa miaka mitatu kazi ilikwenda vizuri. Asubuhi moja kompyuta zote zikawa mabubu kwa wakati mmoja. "Mzee," akaniambia, "taa zinawaka, waya ni mzima, umeme upo, lakini hakipiti kitu."

Tulipochunguza tuliona kwamba sanduku halikuungua wala halikuibiwa kitu. Kilichokwisha ni kibali. Mtengenezaji, aliye ng'ambo, aliliuza kwa masharti ya kulipiwa kila baada ya muda. Muda ulipita, malipo hayakufika, na sanduku likamtii mtengenezaji wake, likaacha kazi. Mwalimu akanitazama, akauliza: "Sasa, waitu, kitu hiki ni chetu au si chetu?"

Swali hilo ni zito kuliko lilivyosikika. Ili kulijibu, itabidi kwanza tulifahamu sanduku lenyewe, kisha tuifuate historia yake.

Swichi ninayoisema si ile ya ukutani ya kuwashia taa. Hii ina matundu, manane, ishirini na manne, au arobaini na manane, na kila tundu huchomekwa waya wa kompyuta moja. Kazi yake ni kama ya karani wa posta anayechambua barua: hii ya fulani, ile ya fulani, kila moja katika kisanduku chake. Ndani yake mna chipu inayochambua kwa kasi kubwa mno, na kando yake mna kompyuta ndogo inayoipa chipu hiyo maagizo. Maagizo hayo yote kwa pamoja ndiyo mfumo endeshi. Chipu ni mikono ya karani, mfumo endeshi ni akili yake. Na kwa miaka mingi mikono na akili viliuzwa vimeshonwa pamoja. Ukinunua sanduku la kampuni fulani, unachukua na akili ya kampuni hiyo hiyo, na huruhusiwi kuichungulia.

Labda utauliza, ina uzito gani swichi hata tuiundie hotuba? Twende Nairobi, mwaka 2000. Wakati huo mtu wa Nairobi akimwandikia barua-pepe jirani yake anayetumia kampuni nyingine ya intaneti, barua ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, ndipo ikarudi Nairobi nyumba ya pili. Makampuni yakachoka kulipia safari hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo yakafungua mahali pa kubadilishana barua zao hapo hapo mjini, kituo kilichoitwa KIXP. Kiini cha kituo cha namna hiyo ni swichi: kila kampuni huleta waya wake, swichi inachambua.

Kituo hakikumaliza hata mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya kwenda nje, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu. Dar es Salaam ikapata kituo chake mwaka 2004. Watu hawagombanii sanduku kwa ajili ya bati lake. Aishikaye swichi anashika njia panda.

Ugomvi huo ulikuwa juu ya nani aruhusiwe kuweka swichi. Ugomvi mwingine, wa nani aiamuru kutoka ndani, ulikuwa umekwisha kuanza mbali na huku, na ulianzia kwenye mashine ya kuchapia.

Karibu na mwaka 1980, katika chuo cha MIT kule Marekani, alikuwapo kijana mwandishi wa programu aitwaye Richard Stallman. Mashine ya zamani ya chuo ilipokwamwa na karatasi, yeye alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji wakaikwamue. Ikaja mashine mpya ya kampuni ya Xerox, nzuri zaidi, lakini maandishi ya programu yake yalifichwa. Stallman akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo. Yule akakataa, kwa kuwa alikwisha iahidi kampuni kwamba hatampa mtu. Mashine ikaendelea kukwama, na mtu aliyejua kuitibu alikaa kando akiitazama. Mwaka 1983 Stallman alitangaza kazi ya kuunda mfumo endeshi ambao kila mtu anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Programu za namna hii Waswahili tunaziita programu huria.

Uhuru huo ulitufikia hata sisi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kupiga magoti kwa kampuni yoyote. Maandishi yalikuwa wazi, wakayachukua, wakayatafsiri.

Sasa tazama jinsi uhuru ulivyoingia katika sanduku. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza chombo cha nyumbani cha kugawia intaneti, WRT54G. Mwaka uliofuata wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux. Sheria ya Linux inasema: ukiigawa, gawa na maandishi yake. Kampuni ikabanwa, ikayatoa. Mwaka 2004 wapenzi wa kazi hiyo wakaanzisha mfumo endeshi wao wa vyombo vya aina hiyo, OpenWrt. Hivyo mtu wa kawaida aliweza kuiondoa akili ya kiwandani na kuweka akili aliyoichagua mwenyewe.

Kwa swichi kubwa mageuzi yaliletwa na matajiri, si wanyonge. Makampuni kama Facebook na Microsoft yalikuwa na maelfu ya swichi, nayo yakachoka kutawaliwa na wauzaji. Mwaka 2011 Facebook ikaanzisha umoja wa kuchapisha michoro ya vyombo waziwazi. Mwaka 2013 ukaletwa humo utaratibu uitwao ONIE, unaoiwezesha swichi tupu kupokea mfumo endeshi wowote uliotengenezwa kwa ajili yake, kama kompyuta ya mezani inavyopokea. Mwaka 2016 Microsoft ikautoa hadharani mfumo wake wa swichi, SONiC, uliojengwa juu ya Linux, na mwaka 2022 ukakabidhiwa kwa taasisi ya Linux Foundation.

Lakini swichi za aina hiyo ni za majumba makubwa ya kompyuta, wala si za shule ya kijijini. Habari njema kwetu ilikuja mwaka 2021, pale toleo jipya la OpenWrt lilipoanza kuzihudumia swichi ndogo zenye chipu za Realtek, zikiwamo baadhi za Netgear na za Zyxel. Hizo ni swichi za kuwekwa juu ya rafu ya ofisi.

Hata hivyo nisikudanganye, msikilizaji. Programu huria haifungui kila mlango. Mara nyingi maagizo ya ndani kabisa ya chipu bado ni siri ya mtengenezaji. Ilikuwapo kampuni ya Cumulus, iliyosifika kwa kuweka Linux kwenye swichi za watengenezaji wengi. Sehemu kubwa ya mfumo wake ilikuwa wazi, lakini kipande kilichozungumza na chipu kilifungwa. Mwaka 2020 ilinunuliwa na NVIDIA, na matoleo yaliyofuata yakaziacha chipu za Broadcom, ambazo ndizo zilizokuwa ndani ya swichi za wateja wengi. Waliodhani wamekwisha kuwa huru wakajikuta njia panda tena. Mnyororo ukibakiwa na pete moja, bado ni mnyororo.

Kuna na jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Uhuru wa maandishi bila mtu wa kuyasoma ni sawa na kitabu katika nyumba isiyo na msomaji. Nchi yetu ilijifunza hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mitambo hiyo kwa kutegemea wataalamu wa kigeni, kazi ilivurugika na fedha zikapotea. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Wako waliocheka amri hiyo. Mimi siicheki. Ilikuwa ni kilio cha mtu aliyenunua chombo asichoweza kukiamuru wala kukitengeneza. Lakini dawa iliua mgonjwa: tulikifungia nje chombo, na ujuzi ukabaki nje pamoja nacho.

Nasi wa Buhaya tuna historia ya zamani zaidi katika jambo hili. Pale Katuruka, Maruku, mabaki ya tanuri yanaonyesha kwamba babu zetu waliyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Walichoma matete ya kinamasi ndani ya shimo la tanuri, na mirija yao ya udongo waliiingiza ndani kabisa ili upepo wa mivukuto upate moto kabla haujafika penye mkaa. Kisha yakaja majembe na vyuma vya bei rahisi kutoka ng'ambo, na tanuri zikazimika. Mwaka 1976 mtafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wachache waliokumbuka kazi hiyo waifanye tena. Miaka mingi ilikuwa imepita bila tanuri kuwashwa. Iliwabidi wajaribu na kukosea na kukumbushana, mpaka chuma kikatoka. Mwaka 1978 habari zao zilichapishwa katika jarida la Science, na dunia ikashangaa.

Jembe la dukani lilikuwa zuri, wala simlaumu aliyelinunua. Hasara haikuwa kununua jembe. Hasara ilikuwa kwamba baada ya kulinunua hapakuwa tena na kijana aliyekaa kando ya tanuri akijifunza. Kizazi kimoja kikipita bila kujifunza, kinachofuata hakijui hata kwamba kuna kitu kimepotea.

Leo Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita mkoani kwetu mpaka Mutukula, ukaungana na Uganda. Kila ofisi, hospitali na shule itakayouvuta itahitaji swichi. Nani atakayekaa kando ya tanuri hiyo?

Narudi kwa mwalimu wangu. Lile sanduku la msaada halimo katika orodha ya yale yanayoweza kupokea OpenWrt, kwa hiyo limebaki kabatini. Shule ilichanga, ikanunua swichi ndogo iliyotumika, ya aina iliyomo katika orodha. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu waliikalia siku tatu. Siku ya kwanza waliweka faili ya aina nyingine na chombo kikazima kabisa. Mwalimu akashika kichwa. Siku ya pili wakaifungua, wakaunganisha waya wa konsoli kwenye bodi, wakaanza kusoma neno kwa neno chombo kinasema nini. Siku ya tatu jioni kompyuta zikazungumza. Binti mmoja katika wale wanne akaniambia, "Mzee, sasa ikikataa tunajua pa kuanzia."

Nadhani hilo ndilo jibu la swali la mwalimu. Chombo kinakuwa chako siku unapojua pa kuanzia kinapokataa. Risiti peke yake haitoshi, na msaada peke yake hautoshi. Kwa hiyo wewe mkuu wa shule, wewe mwenyekiti wa chama cha ushirika, wewe mganga mkuu, kabla hujasaini kupokea swichi ya kununua au ya bure, uliza maswali matatu: Je, itaendelea kufanya kazi malipo ya mwaka yakikoma? Je, inaweza kuwekwa mfumo mwingine? Na je, ni kijana gani wa hapa atakayefundishwa kuifungua? La tatu ukilikosea, hayo mawili ya kwanza hayatakufaa kitu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mpaka juma lijalo, msikilizaji, kaa salama.