Cape Town, mji ulio chini ya Mlima wa Meza

Mji wa Cape Town tunaoutaja mara kwa mara katika taarifa uko pwani ya Atlantiki, Afrika Kusini, na ndiko liliko bunge la nchi hiyo. Juu yake umesimama Table Mountain, yaani Mlima wa Meza, kwa kuwa kilele chake ni bapa. Urefu wake ni kama mita 1,086, haufiki hata robo ya Kilimanjaro.

Ufupi huo ndio unaowaponza wageni. Mtu anaona jua linawaka, anapanda na kandambili na kichupa cha maji. Halafu upepo wa kusini-mashariki unavuma, wingu jeupe linatandazwa kileleni kama kitambaa, baridi inaingia na njia haionekani. Magari yanayoning'inia kwenye nyaya, yaliyoanza kazi mwaka 1929, husimamishwa upepo ukizidi. Kwa hiyo usipande peke yako, beba koti, na uulize kwanza hali ya hewa.

Chini mjini upo mtaa wa Bo-Kaap, wenye nyumba za rangi kali. Humo wazao wa watumwa walioletwa na Waholanzi kutoka Asia wameutunza Uislamu. Msikiti wa Auwal ulianza 1794.

Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, hufikiwa kwa boti. Bahari ikichafuka safari huahirishwa, hivyo usiiweke siku yako ya mwisho.