Bao, Igisoro na Kanuni za Vita katika Mwambao wa Rumonge

Michezo ya vita inayochezwa kwa kanuni juu ya ubao ilikuwapo katika nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika muda mrefu kabla ya vitabu vya michezo kuchapishwa na kuuzwa madukani. Maarufu zaidi miongoni mwake huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye safu nne za mashimo manane, ambapo kila mmoja humiliki safu mbili zilizo upande wake na kuanza na kete 32, yaani nusu ya kete zote 64. Wataalamu huiweka michezo ya namna hii katika ukoo mmoja uitwao mankala, ambao kanuni yake ya msingi ni kuchota kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata. Katika mwambao wa Burundi, kwenye ukanda wa tambarare uitwao Imbo ambao Rumonge ni mmojawapo wa miji yake mikubwa, matawi mawili ya ukoo huo yalikutana: igisoro, lililo tawi la nchi za milima ya Burundi na Rwanda, na bao, lililotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa kuwa ubao ni uleule na idadi ya kete ni ileile, historia ya kukutana kwao ni historia ya kanuni, yaani ya namna ambavyo kila jamii iliamua vita vya mezani vipiganwe.

Igisoro ni ndugu wa karibu wa omweso wa Buganda. Kete husambazwa kinyume na mwendo wa saa, isipokuwa katika mashimo fulani ambayo kanuni humruhusu mchezaji kugeuza mwelekeo ili ateke. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo la safu ya ndani lenye kete nyingine, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yakawa na kete, mchezaji hutwaa kete za mashimo hayo yote mawili, kisha huzisambaza upya kuanzia pale alipoanzia mzunguko wake. Kwa sababu hiyo safu ya nyuma haina usalama kamili, kwa kuwa shambulio moja lililopangwa vizuri huweza kuwakumba walio mbele na walio nyuma kwa pamoja, na hifadhi ya siri ni kuliacha tupu mojawapo ya mashimo mawili yanayotazamana na adui. Anayeshindwa ni yule asiyebakiwa na shimo lolote lenye kete mbili au zaidi, kwa maana hana tena jeshi linaloweza kutembea.

Bao la Kiswahili lilijengwa kwa hesabu nyingine. Mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika shimo maalumu liitwalo nyumba na nne zikiwa katika mashimo mawili yaliyo jirani nalo, huku kete 22 zikibaki mkononi kama akiba. Awamu ya kwanza ni namua, ambapo kila zamu huingiza kete moja kutoka katika akiba hiyo. Awamu ya pili ni mtaji, ambapo kete zilizoko ubaoni pekee ndizo zinazopigana. Mchezaji hula kete za shimo la mbele la mpinzani tu, na zile alizokula huanza kusambazwa kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, la kulia au la kushoto. Nyumba nayo ina heshima yake: mchezaji aliyekula na kusambaza hadi kete ya mwisho ikaangukia humo anaweza kusimama hapo, au akaisafirisha nyumba, yaani akazichota kete zake zote na kuendelea na mashambulizi, akijua kwamba ngome hiyo ikishavunjwa hairudi. Safu ya mbele ikiwa tupu, mchezo umekwisha, hata kama safu ya nyuma imejaa kete.

Njia iliyolifikisha bao katika Ziwa Tanganyika ni ileile ya misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyoanzia Bagamoyo, ikapitia Tabora na kufika Ujiji, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga makazi kabla ya Richard Burton na John Speke kuliona ziwa hilo mwaka 1858. Kutoka Ujiji mitumbwi ilifuata ufuko kuelekea kaskazini ikibeba chumvi, vitambaa, pembe za ndovu na watumwa, na Rumonge ilikuwa katika njia hiyo. Hata hivyo uhusiano wa wenyeji na wageni haukuwa wa biashara peke yake. Mohamed bin Khalfan, ajulikanaye zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuipenya Burundi akazuiwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, na wamisionari wa Shirika la White Fathers waliofika Rumonge mwaka 1879 waliondoka baada ya watatu wao kuuawa tarehe 4 Mei 1881. Wajerumani walipoanzisha kituo cha kijeshi cha Usumbura (Bujumbura ya leo) mwishoni mwa karne hiyo, walikuja na askari na makarani waliozungumza Kiswahili, na lugha hiyo ikatia mizizi katika miji ya ziwani, hasa miongoni mwa Waislamu wa mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi na wa mji wa Rumonge wenyewe. Bao, ambalo istilahi zake zote ni za Kiswahili, lilifuata lugha hiyo.

Mchanganyiko huo uliongezeka kwa sababu za huzuni. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu katika nchi nzima. Maelfu waliokimbilia Tanzania walikaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30, wakalea watoto waliokua na Kiswahili na michezo ya vibarazani ya Watanzania, na wengi wao waliporejea Imbo walikuta ardhi zao zimeshikwa na wengine. Kwa hiyo mtu anayekaa leo mbele ya ubao huko Rumonge anaweza kuwa amerithi kanuni za milimani kutoka kwa babu yake na kanuni za pwani kutoka katika makazi ya wakimbizi, na kabla ya kete ya kwanza kusogezwa ni lazima wachezaji wakubaliane ni vita vya aina gani wanavyopigana. Tofauti hizi zilimshughulisha mtafiti Philip Townshend, aliyechapisha kwa Kifaransa mwaka 1977 utafiti kuhusu mankala za Zaire, Rwanda na Burundi.

Swali hilo la kuchagua kanuni lilijitokeza pia ughaibuni kwa sura nyingine. Huko Prussia, Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme mwaka 1812 mchezo wa kufundishia maofisa mbinu za vita, ambao mwanawe aliukamilisha mwaka 1824, na kutokana na desturi ya michezo ya aina hiyo Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mwaka 1974 Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mshiriki huigiza mhusika mmoja badala ya kuongoza jeshi. Mwaka uliofuata kitabu cha nyongeza kiitwacho Blackmoor kiliuongezea mtawa anayepigana kwa mikono mitupu, na mwaka 1985 kikafuata Oriental Adventures, chenye sanaa za mapigano za Asia. Mwaka 1990 mfumo mwingine, GURPS, ulipata kitabu kizima kuhusu sanaa hizo. Tangu hapo mchezaji hukabiliwa na rafu nzima ya nyongeza, kila moja ikidai kuyafanya mapigano kuwa ya kweli zaidi.

Historia ya mwambao wa Rumonge inatoa kipimo kinachofaa kwa rafu hiyo. Nyumba ya bao na utekaji wa mashimo mawili wa igisoro zimedumu kwa sababu kila moja humlazimisha mchezaji kufanya uamuzi ambao bila kanuni hiyo usingekuwapo: kuilinda ngome au kuivunja, kuijaza safu ya nyuma au kuiacha wazi. Kitabu cha nyongeza kinachoorodhesha majina mia ya mateke, ilhali mchezaji anabaki kurusha dadu zilezile kwa shabaha ileile, hakijauongezea mchezo kitu. Kile kinachompa aliyedhoofika njia ya kugeuza mwelekeo, kama yafanyavyo mashimo ya kurudi nyuma katika igisoro, kinastahili nafasi mezani hata kikiwa na kurasa chache. Nao wazee wanaozijua kanuni za mwambao huo wanapaswa kuandikiwa kumbukumbu mapema, kwa kuwa kanuni zilizohifadhiwa kwa mdomo hupotea pamoja na wazishikao.