Televisheni Hii ni ya Nani? Historia Fupi ya Umiliki wa Vituo vya Televisheni Nchini Uganda

Jajja yangu, yaani bibi mzaa baba, ana swali moja analoliuliza juu ya kila kinachopita mbele ya baraza lake huko Mpigi. Akipita mtoto asiyemjua, huuliza, "Wa nani huyo?" Ng'ombe akikata kamba, swali ni hilohilo. Sisi wajukuu tulicheka siku alipoanza kuiuliza hata televisheni. Habari zikisomwa, yeye hutazama herufi zilizo kwenye pembe ya kioo na kusema, "Na hii nayo ni ya nani?" Nilipofika chuoni na kuanza kusoma historia, nilitambua kwamba sisi ndio tuliostahili kuchekwa. Katika insha hii ninajaribu kumjibu. Hoja yangu ni kwamba herufi zilizo kwenye kioo hututajia mwenye kituo siku kilipozaliwa, lakini maisha ya kituo huamuliwa na mambo yasiyoonekana pale: deni, hisa na mnara.

Kwa kizazi cha Jajja jibu lilikuwa rahisi. Televisheni ilianza Uganda mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, na kituo kiliitwa Uganda Television, au UTV. Kilikuwa cha serikali, na kwa miaka mingi hapakuwa na kingine. Milton Obote aliondolewa na Idi Amin mwaka 1971, Amin akaondolewa mwaka 1979, Obote akarudi, akaondolewa tena mwaka 1985, kisha Yoweri Museveni akaingia madarakani mwaka 1986. Waliokaa ikulu walibadilika, mara nyingi kwa mtutu wa bunduki, lakini UTV haikuuzwa wala haikupewa jina jingine. Kila aliyeshika dola aliikuta na kuitumia. Mwaka 2005 sheria mpya iliunganisha UTV na Radio Uganda kuwa shirika moja, Uganda Broadcasting Corporation (UBC). Mpaka leo Jajja huita kila televisheni "UTV", hata ile inayoshindana na ya serikali.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Serikali ililegeza masharti ya utangazaji, redio za watu binafsi zikaanza mwaka 1993, na Sheria ya Vyombo vya Utangazaji ya mwaka 1996 ikaweka utaratibu wa leseni. Mwaka 1999 kilianza kituo cha WBS. Herufi ya kwanza ni ya Wavah, neno lililotokana na jina la mwenyewe, mfanyabiashara Gordon Wavamunno, aliyejulikana pia kwa biashara ya magari ya Mercedes. Hapa swali la Jajja lilijibiwa na herufi zenyewe: kituo ni cha mtu fulani, naye tunamjua.

Lakini kituo cha mtu mmoja hutegemea mfuko wa mtu mmoja. Mwaka 2015 WBS iliwekwa chini ya mfilisi kwa sababu ya malimbikizo ya kodi yaliyodaiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Baadaye ilichukuliwa na Kwesé, chapa ya kampuni ya Econet ya Strive Masiyiwa kutoka Zimbabwe, na herufi za WBS zikaondoka kwenye kioo. Kwesé nayo haikudumu. Ninaona somo muhimu hapa. Watu wengi hudhani kwamba kituo huangushwa na wanasiasa au na watazamaji waliochoka nacho. WBS ilikuwa na watazamaji wake. Kilichoiangusha ni daftari la mkusanya kodi.

Aina ya tatu ya umiliki ni ya kampuni yenye wanahisa. NTV Uganda ilianza Desemba 2006 ikiwa mali ya Nation Media Group ya Nairobi, ambayo mwanahisa wake mkuu wakati huo alikuwa mfuko wa maendeleo ya uchumi wa Aga Khan. Hata anwani ilionyesha ukoo: studio ziliwekwa kwenye jengo la hoteli ya Serena jijini Kampala, nayo Serena ni ya kundi hilohilo. Bukedde TV ilianza mwaka 2009 kwa Kiganda, na taarifa yake ya habari ya Agataliiko Nfuufu, yaani "zisizo na vumbi", ikapendwa hata na Jajja. Bukedde ni ya Vision Group. Hisa za kampuni hiyo huuzwa kwa umma kwenye soko la hisa tangu mwaka 2004, lakini serikali ilibaki na zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima UBC kwa kuichoka serikali, akafungua Bukedde, na bado akawa nyumbani kwa mwenyeji yuleyule.

Undugu wa vyombo una hasara zake. Mei 2013 polisi waliizingira ofisi ya gazeti la Daily Monitor kwa siku kumi, wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa iliyokuwa imechapishwa gazetini. Redio za KFM na Dembe hazikuchapisha barua yoyote. Zilizimwa kwa kuwa ni ndugu wa gazeti hilo na ziliishi nalo nyumba moja. NTV, ndugu yao mwingine, ilikuwa Serena, na iliendelea kurusha matangazo.

Mwisho ni mnara. Mwanzoni mwa mwaka 2007, NTV ikiwa bado changa, matangazo yake yalikatwa kwa wiki kadhaa kutokana na mvutano na mamlaka kuhusu mitambo ya kurushia. Mwenye kituo hakubadilika hata siku moja, ila hakuwa na njia ya kuwafikia watazamaji. Mfumo wa dijitali ulipoingia, kazi ya kusafirisha matangazo ya vituo ilipewa Signet, kampuni iliyoanzishwa chini ya UBC. Hivyo vituo ni vya watu mbalimbali, lakini vingi hupita kwenye barabara ya mmoja. Analojia ilipozimwa, kioo cha Jajja kilibaki cheusi mpaka baba alipomnunulia king'amuzi.

Ninawapendekezea wanafunzi wenzangu jambo moja. Tunaponukuu habari ya televisheni katika kazi zetu, tusiishie kuandika jina la kituo na tarehe. Tuandike pia kilikuwa cha nani mwaka ule, kwa sababu WBS ya mwaka 2000 na masafa yaleyale mwaka 2017 si chombo kimoja. Likizo iliyopita nilimweleza Jajja haya yote, tangu UTV hadi Signet. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akanyosha kidole kwenye king'amuzi. "Na hiki?" Nikamwambia hicho ni chake. Akaniomba nimwonyeshe risiti.