Ua la Uani: Historia ya Asumini, Kilua na Mrehani



Skuli tulisomeshwa historia ya Zanzibar kwa karafuu. Tukamsoma Seyyid Said, mashamba na majahazi. Yote ni kweli. Lakini iko mimea mingine iliyokaa visiwani hapa kwa miaka mingi, ambayo haikupimwa kwa pishi wala haikuandikiwa hesabu bandarini: asumini, mwaridi, mrehani, muhina na mkilua. Hiyo ilikuwa uani, karibu na kisima na pahala pa kufulia, na waliokuwa wakiitunza ni wanawake. Leo tuisome historia hiyo, khasa wewe bi harusi mtarajiwa, kwa sababu mimea hii ndiyo iliyokuwa ikimpamba bi harusi wa visiwani kabla ya duka lolote la vipodozi kufunguliwa.

Tuanze na majina, maana majina yenyewe yanatueleza safari. Asumini ni neno lililopita kwa Waarabu likitoka kwa Waajemi, wanaosema yasamin. Mmea wenyewe, huu wa maua meupe tunaoupanda sisi, asili yake ni upande wa Bara Hindi. Waridi, rehani na hina ni majina ya Kiarabu. Langilangi limetoka mbali zaidi, Ufilipino, na leo majirani zetu wa Komoro wanajulikana duniani kwa mafuta yake yanayotiwa katika manukato ya Ulaya. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na upepo wa kusi ukayarudisha. Waliokuja hawakuja na nguo na vyombo tu. Mbegu na mche pia vilipanda chomboni.

Mila ya kumpokea mtu kwa harufu nzuri ni ya zamani sana katika pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa tambuu na popoo pamoja na marashi ya mawaridi kutoka Damascus, akamiminiwa yeye na wenziwe. Karibu miaka 700 baadaye, mgeni wa harusi Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa bado anarashiwa kwa mrashi. Kule Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, mawaridi mpaka leo huchumwa kila msimu wa machipuko na kuchemshwa ili kupata marashi hayo hayo. Na watu wa Oman na sisi ni ndugu kwa damu na kwa biashara.

Dini yetu nayo imeipa mimea hii heshima. Rehani imetajwa katika Surat Ar-Rahman na tena katika Surat Al-Waqi'a. Na katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametufunza tukipewa rehani tusiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Wazee wetu walifahamu pia mpaka wake. Harufu hizi pahala pake ni nyumbani, kwa mume, na baina yetu wanawake. Si za kutokea njiani kwa wasio maharimu.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Ndani yake anaukumbuka uwanja wa Mtoni na michungwa iliyopangwa mbele ya vyumba vya kuogea. Tunapousoma uzuri huo tusisahau jambo moja: bustani za makasri zilitiliwa maji na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya ua la uani. Udi ulikuja kwa jahazi, na ambari ni ghali. Vyote viwili vilitaka fedha. Asumini haikutaka hata senti. Mwanamke aliyekuwa na chungu kilichopasuka na jirani mwenye mti alipata kijiti, akakichomeka, na baada ya muda akawa na maua yake mwenyewe. Masikini na tajiri walitunga koja la aina moja. Mtoto wa kimasikini aliolewa akinukia sawa na mtoto wa tajiri.

Na kikuba ndicho kilichoikusanya bustani yote pamoja. Mrehani, asumini, majani ya waridi, mkadi na kilua vilifungwa pamoja, vikarashiwa marashi, kisha vikabandikwa kifuani au kwenye nywele. Singo ya bi harusi nayo ilitaka maua ya uani yakaushwe na kusagwa pamoja na karafuu na liwa. Hina ilitwangwa kutokana na majani mabichi. Kwa hiyo harusi ilianza kutayarishwa miezi mingi kabla, kwa kutia maji.

Mimi kazi yangu ni kushona nguo za maharusi, na naona mambo yanavyobadilika. Bi harusi anakuja na maua ya plastiki ya bei kubwa, na hina ya bomba ambayo nyengine imetiwa rangi nyeusi ya kemikali inayochoma ngozi. Nyua zinatiwa saruji. Mzee akifariki, mti wake wa asumini unakatwa ili ijengwe chumba cha kupangisha. Siwalaumu watu, kila mtu anatafuta riziki. Lakini elimu hii haikuandikwa sana, imo mikononi mwa bibi zetu, na mikono hiyo inapungua.

Kuihifadhi si kazi kubwa. Kata tawi la asumini lililokomaa, urefu wa shibiri moja, toa majani ya chini, lichomeke katika udongo wa mchanga wenye unyevu na uliweke kivulini. Likishachipua, lihamishie kwenye jua. Ndoo kuukuu inatosha, bora iwe na tundu chini. Maua yakimalizika punguza matawi, kwa sababu ua hutoka kwenye chipukizi jipya. Matumba uyachume alasiri, yafunguke usiku ndani ya nyumba. Mrehani ukate vichwa kila unapotaka kutoa maua, utatanuka. Muhina unataka jua na hautaki maji kutuama. Mkilua huota msituni chini ya miti mikubwa, basi upe kivuli.

Na huo mkilua una fakhari yake. Huu hatukuletewa na jahazi lolote; ni wa misitu ya pwani yetu wenyewe. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kwa jina la kitaalamu, aliuita Mkilua fragrans. Maana yake, jina lililokuwa midomoni mwa watu wa pwani ndilo linalotumiwa leo na wataalamu wa dunia nzima.

Harusi yako ikiwa mwakani, omba kijiti leo. Na unapokiomba, kaa na huyo bibi umuulize alikipata kwa nani. Imepokewa kwamba Muislamu hapandi mti ukaliwa na mtu, ndege au mnyama ila huwa ni sadaka kwake. Allah atujaalie nyumba zenye harufu nzuri na mapenzi. Amin.