Ngoma Nyuma ya Kanisa

Katika Kanisa letu la Kiluteri, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto huwa karibu na mwisho wa Septemba. Mwaka 1996 tarehe 29, siku yenyewe ya Malaika Mikaeli, iliangukia Jumapili, na hapa kwetu Suma watu walikuja kanisani hata wale tunaowaona Krismasi tu. Siku hiyo watoto ndio wanaoongoza ibada. Wanasoma Neno, wanaimba, wanatoa mashairi na igizo, nasi wazazi tunakaa kwenye mabenchi tukiomba wasisahau. Mimi nilikuwa na wawili. Wa kiume alikuwa Goliathi. Wa kike, mwenye miaka tisa, alipewa ngoma.

Ngoma ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu ya baba yangu. Tata alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwimba besi tangu ujana, mtu wa solfa hasa. Kinanda cha betri ya gari alikivumilia. Magitaa ya vijana aliyaita kelele. Lakini ngoma kanisani hakuisema vizuri wala vibaya. Ikitajwa, alikohoa na kuuliza habari za migomba.

Msomaji asiyetoka Rungwe huenda akashangaa. Wamishonari wa Kijerumani, Wamoravian na Waluteri wa Berlin, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Walileta vitabu vya nyimbo, uimbaji wa sauti nne na matarumbeta. Ngoma waliikataa, na walikuwa na sababu zao. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wameyaeleza mazishi ya wakati ule: wanawake wanalia, vijana wanacheza na mikuki yao, ngoma hazinyamazi, na kadiri siku inavyokwenda majonzi yanageuka kuwa maringo mbele ya wasichana. Mkristo alitakiwa akae mbali na hayo. Ila kinachonichekesha hadi leo ni tarumbeta, chombo cha askari, kupita mlangoni bila kuulizwa kitu.

Mara nyingi tunasema Wazungu walituzuia, tukaishia hapo. Lakini Wajerumani hao waliondolewa mara mbili. Katika Vita Kuu ya Kwanza walichukuliwa, na Waskoti wa Livingstonia wakayaangalia makanisa yao. Walirudi miaka ya 1920, na Vita ya Pili ilipoanza wakachukuliwa tena. Marufuku ya ngoma haikupanda nao lori. Ilibaki, na waliobaki nayo ni sisi. Mwaka 1966 Mtanzania Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kihaya. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutia katika Kijerumani, ukaingia hata katika kitabu cha nyimbo cha Waluteri wa huko. Wajukuu wa waliotukataza wanaimba tuni ya Bukoba, na sisi Suma, miaka thelathini baadaye, tulikuwa bado tunajadili katika baraza la wazee kama mtoto aruhusiwe kupiga ngoma moja.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, na ngoma ililala stoo. Mwanangu alipoijaribu ilitoa sauti ya gunia la mahindi. Wavulana wakaitoa nje, wakawasha majani makavu ya migomba nyuma ya kanisa. Moshi ukaingia dirishani wakati wa somo la kwanza. Tata akainuka, akatoka. Nikamfuata, nikijua anakwenda nyumbani na kwamba itabidi nimwombe radhi mwezi mzima.

Nilimkuta amechuchumaa, koti ameliweka kwenye nyasi, ameinamisha ngoma kando ya moto.

"Msiiweke juu ya moto, itapasuka. Izungusheni."

Aligonga ukingo kwa kidole, akasikiliza, akazungusha tena. "Bado." Wavulana walikuwa wamenyamaza. Akagonga katikati. "Haya, mjukuu wangu, chukua."

Akarudi kwenye benchi lake na majivu kwenye mikono ya shati. Watoto waliimba haraka kupita kiasi, kinanda kikawafuata kwa mdundo usio wao, na Goliathi wangu akaanguka kabla Daudi hajarusha jiwe. Ngoma peke yake haikukosea. Kwenye mnada wa sadaka nilinunua jogoo wangu mwenyewe kwa bei ya juu, kwa kuwa mtu alikuwa akishindana nami kwa utani.

Jioni nilimuuliza amejifunzia wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka 1944 mjomba wake alifariki, naye akapiga ngoma msibani. Alitengwa na kanisa nusu mwaka, hakugusa meza ya Bwana.

"Na Wazungu walikuwa hawapo," nikasema.

"Hawakuwapo. Ni wazee wetu. Mmoja wa waliokaa kunihukumu ndiye aliyenifundisha kuipiga."

Nilitaka kumuuliza jina. Mama, aliyeishi naye zaidi ya miaka arobaini, aliacha kumenya ndizi akamtazama. Naye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Tata hakumjibu mtu. Alimwita mjukuu wake, akamwuliza ile ngozi ni ya ng'ombe au ya mbuzi, maana upande mmoja umelegea na itabidi iwambwe upya kabla ya Krismasi.