Wito wa hatari, kutoka baharini hadi Uvira

Kabla ya redio, onyo katika Ziwa Tanganyika lilikuwa kazi ya macho na masikio. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Uvira, leo mji wa Kongo, kutoka Ujiji mwaka 1858, mitumbwi yao iliambaa ufukwe, kwa kuwa ziwa hilo huchafuka ghafla kwa pepo na kimbilio ni nchi kavu. Aliyekumbwa na hatari katikati ya maji aliweza kuomba msaada kwa sauti, moshi au moto tu.

Redio iliuvunja mpaka huo. Mkutano wa redio wa Berlin wa 1906 ulikubali SOS, alama ya hatari ya Morse, iliyoanza kutumika rasmi Julai 1908. Titanic ilipozama Aprili 1912, meli ya Californian haikuwa mbali, lakini fundi wake wa redio alikuwa amelala. Mkataba wa usalama baharini wa 1914 ukatilia mkazo zamu ya kusikiliza isiyokatika.

Redio za sauti zilipoenea, SOS ilisikika vibaya. Miaka ya 1920, uwanja wa ndege wa Croydon, London, ulianza kutumia neno «mayday», na mkutano wa redio wa Washington wa 1927 ukalipitisha.

Sasa kuna miito mitatu kwa daraja, kila mmoja ukitamkwa mara tatu kwenye chaneli 16, megahezi 156.8. «Mayday» ni kwa chombo kinachozama au kuungua, watu wakiwa katika hatari ya kufa. «Pan-pan» ni kwa jambo la haraka lisilotishia maisha papo hapo, kama boti iliyozimikiwa injini mbele ya Kalundu, bandari ya Uvira. «Sécurité» hutangulia tahadhari: upepo mkali unakuja, au gogo linaelea njiani. Anayeita mayday hutaja jina la chombo, mahali kilipo, tatizo na idadi ya watu. Wengine hunyamaza ili asikike.

Mkataba wa 1914 ulitungwa kwa ajili ya bahari. Ziwani mzigo wa usalama ni wa Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Uzito wake ulionekana Desemba 2014, meli ya Mutambala ilipopinduka upande wa Kongo na kuua zaidi ya watu 100.

Mawimbi ya redio za chaneli 16 husafiri karibu moja kwa moja, hivyo antena iliyo juu hufika mbali kuliko ya ufukweni, na nyuma ya Uvira milima hupanda hadi zaidi ya mita 3,000. Simu ya mkononi humfikia mtu mmoja, tena palipo na mtandao; wito wa chaneli 16 humfikia kila aliye karibu anayeisikiliza chaneli hiyo. Ndiyo maana boti yenye redio huhitaji pia kituo cha nchi kavu chenye mtu wa zamu, usiku na mchana.